Kodi za Kozi: Ukiona DS 101 Usiogope

Safari hii barua karibu zote zinahusu chuo na si ajabu, majina ya waliochaguliwa yameshatoka, pale stendi ya Kange kila asubuhi unawaona vijana na mabegi na godoro limefungwa kamba, mama amesimama dirishani anarudia yaleyale aliyoyasema tangu nyumbani. Nimechukua barua tano ambazo ukiziangalia vizuri zote zinauliza kitu kimoja, yani zile herufi na namba zinazobandikwa mbele ya kila kozi, vijana wanaziita kodi. Majina nimeyaacha, mitaa nimeiweka.

Mwalimu shikamoo. Mi nimemaliza fomu siksi HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hapahapa Tanga, nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimetumiwa orodha ya kozi za mwaka wa kwanza kwenye simu, kuna DS 101 halafu zingine zina namba kubwakubwa mia na hamsini huko. Kaka yangu, mtoto wa mamdogo, yuko mwaka wa pili chuo kingine, yeye ananambia zile za kuchagua nichague zenye namba ndogo maana namba ikipanda na ugumu unapanda. Ni kweli? Na mbona hakuna kozi namba 1, zote zinaanzia mia? (Kijana wa Duga)

Marahaba mwanangu na hongera sana. Kakako kapatia nusu, ila hiyo nusu aliyokosea ndo inayoponza watu.

Kwanza nikutoe hofu, we hizi kodi umeishi nazo miaka sita bila kujijua. Katafute karatasi zako za mtihani wa fomu foo, NECTA, baraza la mitihani, wanaandika namba ya somo juu pale, History 012, Geography 013, English 022. Sasa chukua za fomu siksi: History 112, Geography 113, English 122. Umeona? Sifuri ya mbele imegeuka moja, huku nyuma hakuna kilichoguswa. Physics nayo ni 031 inakuwa 131, Kiswahili 021 inakuwa 121. Tarakimu ya kwanza inasema uko ngazi gani, zilizobaki zinasema somo gani. Chuo kikuu kinafanya hivohivo ila somo wanaliandika kwa herufi badala ya namba, basi, hakuna uchawi mwingine.

Kwa hiyo DS ni Development Studies, taaluma za maendeleo, MT ni hisabati. Hapa shika kitu kimoja ambacho wengi kinawachanganya wiki ya kwanza, herufi ni za idara inayofundisha hiyo kozi, sio za digrii unayosoma wewe. Ndo maana wewe mtu wa historia unakutana na DS, na wa sheria anakutana nayo na wa sayansi anakutana nayo, kila mtu na digrii yake lakini darasa la maendeleo linawakusanya. Usiende kulalamika kwamba umepangiwa kozi isiyo yako, nishamuona mtu amepanga foleni siku nzima kwa hilo.

Namba ya kwanza ndo ngazi. Mia ni mwaka wa kwanza, mia mbili wa pili, mia tatu wa tatu, na digrii za miaka minne kama uinjinia zinakwenda hadi mia nne. Juu ya hapo, mia tano mia sita, ni watu wa masta. Hapo ndo kakako alipopatia, kozi ya 300 kweli inategemea umeshapita kwenye 100 na 200, ukiingia moja kwa moja utasikia kama watu wanaongea lugha ya majini.

Ila ukiwa ndani ya mia ileile, 101 na 150 hazipishani ugumu hata kidogo, hizo tarakimu mbili za nyuma ni za kupanga tu. Idara nyingine inaanza moja inaendelea, nyingine inagawa mafungu, kumi za mwanzo za nadharia, kumi zinazofuata za utafiti, na nyingi zinaacha nafasi katikati ili kozi mpya ikitungwa ipate pa kukaa bila kuhamisha wenzake. Chukulia Ngamiani hapa mjini, barabara zake zinaitwa kwa namba. Mtu akikwambia anakaa barabara ya 12 unajua nini kuhusu nyumba yake? Hujui kama ina marumaru au ina bati la kutu, unachojua ni kwamba ukifika ya 11 bado kidogo. Sasa mtu akichagua nyumba ya kupanga kwa kuangalia barabara yenye namba ndogo si utamshangaa.

Tena namba kukaribiana nayo isikudanganye. Fomu siksi BAM (Basic Applied Mathematics) ni 141 na Advanced Mathematics ni 142, zimepishana moja, waulize wenzako wa PCM, wale wa fizikia, kemia na hisabati, kama hiyo moja ni ndogo.

Ukitaka kujua ugumu acha namba, ifungue prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi, au ile karatasi ya maelezo ya kozi uangalie kama kuna kozi inayotakiwa uwe umeifaulu kabla ya hiyo, ina krediti ngapi, na kwenye programu yako ni ya lazima au ya hiari. Hiyo ya kwanza ndo kubwa kuliko zote. Kozi ya kutangulia ukiifeli hukosi hiyo moja tu, kuna nyingine ya mwaka wa pili imeishikilia na ya tatu imeishikilia ile ya pili, na baadhi ya kozi zinafundishwa semista moja tu kwa mwaka, kwa hiyo sapu, ule mtihani wa kurudia, uliyoidharau mwaka wa kwanza inakuja kukuchelewesha kumaliza. Watu wanasema fulani kadisko, yani kaondolewa chuo, mwaka wa tatu, ukifuatilia unakuta mzizi uko kwenye kodi inayoanza na moja.

Na kuhusu kutokuwepo namba 1, wanaanzia mia ili tarakimu ya ngazi ipate pa kukaa. Ungeita kozi namba 1 ungeijuaje ni ya mwaka gani. Vyuo vingine wanaweka hata sifuri mbele kwa kozi za maandalizi, zile za kumuinua mtu kabla hajaingia digrii yenyewe.

Neno la mwisho kwako, nakili kodi kama unavyonakili namba ya mtu unayemtumia hela. Mi mwenyewe zamani hizo, chuo sikitaji, mwaka wa pili nilitakiwa kujisajili kozi ya 231 nikajaza 321. Semista nzima nimekaa kwenye 231, kiti cha mbele, testi nimefanya, mtihani nimefanya, matokeo yanabandikwa 231 simo na 321 nimo nimeandikiwa sikutokea kwenye mtihani. Nikazunguka ofisi kwa ofisi hadi semista iliyofuata ikaanza, karani mmoja akanambia kwa upole kabisa, kijana, karatasi haijui kama ulikuwa unakaa mbele. Mpaka leo nikiandika 231 mkono unasita.

Mwalimu habari za kazi. Nasoma uuguzi chuo kimoja hapahapa Tanga mwaka wa kwanza. Moduli zetu zina namba ndefu, NMT 04101, NMT 04102 hivyo. Shoga yangu yuko chuo kikuu anasema kwao ni namba tatu tu, za kwetu zina sifuri mbele kwa sababu eti ni kiwango cha chini. Nimeumia kidogo. (Binti wa Bombo)

Nzuri binti yangu, na usiumie, shoga yako anaongea asilolijua. Tena kati yenu wawili kodi yako ndo imeandikwa vizuri zaidi, ya kwake inabidi uifukue kwenye prospektasi, ya kwako inajieleza yenyewe.

Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, zamani mliita NACTE, jina limebadilika 2021. Wao wana ngazi wanazoziita NTA. Sasa soma yako, 04101. Mbili za mwanzo, 04, ni NTA ngazi ya 4, astashahada ya awali, ndo mwaka wako wa kwanza. Inayofuata, 1, ni semista ya kwanza. Mbili za mwisho, 01, ni namba ya moduli yenyewe. Kwa hiyo ukikutana na NMT 05203 hata kabla hujaambiwa unajua hiyo ni ngazi ya 5, semista ya pili, moduli ya tatu. Hiyo sifuri ni ya kujaza nafasi tu kwa sababu ngazi zinafika hadi 10, ambayo ni ya udaktari wa falsafa, sasa 10 ina tarakimu mbili na 4 ina moja, wakaiwekea sifuri zilingane. Shoga yako mwambie hivyo.

Najua utauliza mbona unaanzia 4, 1 hadi 3 zimekwenda wapi. Hazijapotea, hizo ni za mafunzo ya ufundi stadi, VETA, mtu anasoma useremala au umeme anaanza ngazi ya 1 anapanda hadi ya 3, nyie mnapokelea 4. Ukimaliza 4, 5 na 6 unatoka na diploma. Ukiendelea, 7 na 8 ndo digrii. Yani kozi yenye 07 kwenye mfumo wenu na kozi ya mia kwa shoga yako zimekaa baraza moja, wote wameanza digrii, ila hapa wamehesabu kuanzia chini kabisa ya ngazi na kule wamehesabu kuanzia mlango wa chuo kikuu.

Mwalimu, mi na rumu meti wangu tulikuwa na kozi mbili za kufanana semista iliyopita, mi nimepata A moja na B moja, yeye A moja na B moja, lakini GPA kanipita na sio kidogo. Kuna rushwa hapa? (Wa Chumbageni, mwaka wa pili)

Hamna rushwa, kuna krediti. Pembeni ya kila kodi pana namba nyingine ndogo ambayo wanafunzi mnairuka kama tangazo la biashara, na hiyo ndo inayobeba GPA, wastani wa alama zako.

Tuchukue mfano, kozi moja ina krediti 12 na nyingine 8. Kwa vyuo vyetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3. Wewe A yako uliipata kwenye ya 8, ni 40, B kwenye ya 12 ni 36, jumla 76, gawa kwa 20 unapata 3.8. Mwenzio A kaipata kwenye ya 12, ni 60, B kwenye ya 8 ni 24, jumla 84, gawa kwa 20 ni 4.2. Herufi zilezile, pengo la 0.4, na daraja la kwanza linaanzia 4.4 kwa hiyo unajionea mwenyewe nani yuko karibu na mlango.

TCU, tume ya vyuo vikuu, wanahesabu krediti moja ni masaa 10 ya kazi, na kazi maana yake sio kukaa darasani tu, kuna semina, maabara, na kujisomea. Ya krediti 12 ni masaa 120, ukiyatandaza kwenye wiki 15 za semista unapata kama 8 kwa wiki. Mwaka mzima krediti 120, digrii ya miaka mitatu 360. Sasa mtu anaikesha kozi ya krediti 8 kwa sababu mwalimu wake anachekesha na ya 12 anaisoma kwa desa usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista, halafu anakuja kuniuliza mimi habari za rushwa.

Mwalimu nimepata skolashipu Marekani, naondoka mwezi wa nane. Nimesikia kila kitu cha kuanzia kule wanaita 101. Nikiona 101 niichukue tu? (Raskazone)

Waja leo waondoka leo, nenda salama. Usichukue tu, inategemea chuo.

Hiyo 101 imekuwa msemo, hata fundi wa simu anakwambia hii ni 101 akimaanisha ni ya kuanzia, na kodi yenyewe ni ya zamani, kamusi ya Oxford inaifikisha hadi orodha ya kozi ya Chuo Kikuu cha Buffalo ya 1929. Vyuo vingi kule ni 100 mwaka wa kwanza, 200 wa pili, hadi 400, kama huku. Lakini sio vyote. Stanford na Berkeley kozi za chini ni 1 hadi 99, na mia moja ni za wakubwa wa digrii ya kwanza, 200 ni za masta na udaktari. Ukifika pale na akili ya 101 ukajisajili ya mia na kitu umekaa na watu wa mwaka wa tatu. CS50 ya Harvard, hii ambayo vijana wengi huku wameisoma bure kwenye intaneti, ni ya utangulizi na ina 50. MIT ndo wamekataa kabisa kufuata mtu, idara yenyewe ni namba, hisabati ni 18 na fizikia ni 8, kozi ni 18.01 au 8.01, na mtu ukimuuliza unasoma nini anakujibu 6, na mwenzie kaelewa kuwa ni umeme na kompyuta.

Texas wana utaratibu naupenda, kodi ni tarakimu nne na ya pili inakwambia krediti. ENGL 1301, moja ya mbele ni ngazi ya kuanzia, 3 ni krediti tatu. Florida wao vyuo vya serikali wamekubaliana namba moja jimbo zima, ENC 1101 ukiisoma chuo kimoja ukahama, kingine kinaipokea. Huku kwetu ukihama, kodi kufanana hakukusaidii, wataomba maelezo ya kozi uliyosoma waone kilichomo ndani, kwa hiyo yale makaratasi mnayofungia vitumbua yawekeni.

Na herufi za nyuma nazo usizidharau, L mara nyingi ni maabara inayokwenda sambamba na kozi mama, A na B ni nusu ya kwanza na ya pili. Kingine kitakachokushtua, digrii yao nzima ya miaka minne kawaida ni krediti 120, na huku 120 ni za mwaka mmoja. Sio kwamba wanasoma kidogo. Krediti yao ni kama saa moja ya darasa kila wiki kwa semista nzima, na kazi ya kujisomea iko nje ya hapo, ni kipimo kingine tu, kama pishi na kilo.

Mwalimu asalaam aleikum. Mwanangu yuko chuo Dar. Juzi kanitumia ujumbe, mama kodi zimenikataa mbili, nimeshindwa kusajili, nisaidie. Nikajua mwenye nyumba kamkalia kooni, nikauza kuku na kuchukua kwenye kibubu nikamtumia elfu themanini. Jana nasikia binti wa jirani anasema kodi ni za masomo, kila somo lina kodi yake. Sasa serikali imeanza kutoza kodi hadi masomo? (Mama wa Makorora)

Waaleikum salaam dada yangu. Serikali haijafika huko. Hii ni neno la Kizungu limevaa kanzu yetu, wenye Kiswahili chao wanaita msimbo lakini vijana ulimi umezoea kodi, na kodi tulikuwa nayo tayari, ya nyumba na ya TRA, sasa zimekuwa tatu. Ya masomo haina malipo yake, ni alama ya kutambua kozi, kama namba ya gari. Mwanao aliposema zimemkataa ni kwamba alijaza kozi mbili mfumo ukagoma, ama alikosea tarakimu, ama kuna kozi ya kutangulia hajaifaulu, ama dirisha la usajili limefungwa. Dawa ni kwenda ofisi ya idara yenye zile herufi, na prospektasi mkononi, mapema wiki hizi za mwanzo, maana zikipita kubadilisha kunakuwa na milolongo. Mwambie akuandikie hizo kodi mbili kama zilivyo, herufi na namba, ukishapata nitumie nikusomee ni za mwaka gani. Zikiwa zinaanza na 1 na yeye yuko wa pili, hapo kuna sapu hujaambiwa.

Na ile elfu themanini muulize taratibu, bila hasira, amelipa kodi ipi.